Meya wa Ukutani

Juzi nilikwenda kufunga kidonda cha mzee mmoja pale Rayners Lane, huku London, maana ndiyo kazi yangu siku hizi, kuzunguka na begi la dawa kwenye nyumba za wagonjwa wasioweza kufika hospitali. Mkwe wake akanifungulia mlango, na kabla sijamaliza kuvua viatu harufu ikanipiga: nta. Ile nta ya kopo inayopakwa kwenye makabati ya mbao, nusu inanukia asali, nusu mafuta ya taa. Nikasimama pale na kiatu kimoja mguuni. Yule mkwe, Mhindi wa Mombasa ambaye Kiswahili chake bado kimenyooka, akaniuliza, "Vipi sista, kizunguzungu?" Nikamwambia hapana, baridi tu. Nikaingia, nikafunga kidonda, nikaaga vizuri. Nilipofika kwenye gari sikuwasha moto. Nilikaa nikalia, na mimi si mtu wa kulialia, wanaonijua wanajua.

Nta ile ndiyo aliyokuwa akipaka mama kwenye makabati ya Bi Hilde, mtaa wa tatu tu kutoka kwa yule mzee, zamani nikiwa mtoto wa miaka minane. Ni majira mamoja tu ya baridi ninayotaka kuyasimulia. Wenzangu mliolelewa huku miaka ile, miaka ya kadi za simu za kukwangua, mtanielewa haraka kuliko wanangu.

Tulikuwa tunaishi Hayes kwa shangazi Mwanaidi, dada yake baba. Baba mwenyewe hakuwepo. Ndiye aliyetuita kutoka Muheza, mimi na pasipoti ya Uingereza niliyoipata kwa jina lake, mama na viza ya mke. Halafu kabla karatasi za mama hazijakamilika, baba akapata mwanamke Leicester akahamia huko, na viza ya mke ikabaki bila mume. Shangazi aliona aibu kwa ajili ya kaka yake, akatuchukua. "Wifi yangu hawezi kulala kituoni na mimi nina sofa," alisema, na tangu siku hiyo akawa anamsema baba asubuhi na jioni mpaka ikawa mama ndiye anayemtetea. Kazi yake ilikuwa kwenye jiko kubwa linalopanga chakula cha abiria wa ndege, na alirudi kila siku ananuka mchuzi usio na chumvi.

Neno lililotawala nyumba ile lilikuwa Croydon. Mama alitakiwa kwenda kusaini huko kila baada ya muda, kwenye jengo kubwa la uhamiaji, na mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba Croydon ni hospitali. Dalili zote zilikuwepo. Siku moja kabla, mama hawezi kula. Asubuhi anavaa nguo zake nzuri na anaweka kwenye begi chupi za kubadili, mswaki na kanga, kama anayekwenda kulazwa. Jioni anarudi analala ameelekea ukutani. Shangazi anauliza, "Wamesemaje?" Mama anajibu, "Wamesema nirudi tena." Sasa hayo si maneno ya daktari hayo? Nikawa namwombea mama apone.

Shangazi ndiye aliyenitoa ujinga, siku nilipomwuliza mama anaumwa wapi. "Haumwi popote," akasema. "Kule wanaamua nani akae, nani arudishwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na mama yako shida yake ni moja: hana mtu wa kumsemea." Alisema akichambua mchele, hata hakuinua kichwa. Nilikwenda chooni nikajifungia. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mama anaweza kuondolewa kama unavyoondoa kiti.

Ndipo nikamkumbuka mwenyekiti wa mtaa. Nilikuwa mdogo sana tulipoondoka Muheza, lakini jambo hilo nililiona kwa macho yangu. Kwetu, mtu akiwa na shida na serikali, haendi huko kichwakichwa. Anapita kwanza kwa mwenyekiti. Bibi yangu alinichukua siku moja, akafunga kilo ya sukari kwenye mfuko wa kaki, akaniambia, "Mkono mtupu haulambwi, mjukuu wangu." Tukapiga hodi, tukaamkia, tukauliza habari za watoto na za mihogo, na shida yenyewe ikatajwa mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kana kwamba si kitu. Mwenyekiti akasema, "Nimesikia. Nitawasemea." Na kweli, shida ikaisha. Kwa hiyo nilijua dawa ya Croydon. Sikujua tu mwenyekiti wa huku anakaa wapi.

Kumbe alikuwa ukutani kwa Bi Hilde.

Bi Hilde alikuwa mwanamke wa Kijerumani, mzee sana, aliyeolewa na askari wa Kiingereza baada ya vita, akaletwa London, akafiwa na mume. Mwanawe wa pekee alikuwa Kanada. Mama alikuwa akimwogesha, akimpikia, akimpaka marashi miguuni na kung'arisha makabati yake, na siku za shule mimi nilipanda basi kumfuata huko, nikakaa sebuleni mpaka amalize. Sebule ilikuwa na giza la saa kumi za jioni, lile giza la huku wakati wa baridi ambalo halina haya. Na juu ya rafu ya mekoni, pale panapowashwa moto wa kupasha chumba, ndipo alipokuwa yeye: mwanamume ndani ya fremu ya dhahabu, ana sharafa nyeupe, koti jeusi, mkufu mpana kifuani, mkono mmoja juu ya jora la kitambaa. Hacheki. Anakutazama popote utakapokaa.

Nyie mnajua kwetu mambo yalivyo. Ukiingia dukani, posta, zahanati, hata kwa kinyozi, juu ukutani pana picha ya rais. Mtu mmoja, peke yake, kavaa vizuri, katundikwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Hakuna anayekuambia ni nani. Unajua tu kwamba hapo ulipo pana mwenyewe. Kwa hiyo mimi nilipomwona yule wa Bi Hilde sikuhitaji maelezo. Huyo ndiye mkubwa wa Rayners Lane. Na kama nilikuwa na shaka, Bi Hilde aliiondoa, maana kila akiingia sebuleni na kigari chake cha kutembelea alimwamkia kwa Kijerumani, halafu akanitafsiria kwa Kiingereza, "Nimemwambia habari za leo, Bwana Meya."

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, meya ni nani?"

Mama alikuwa anamenya viazi, kachoka. "Ni kama mwenyekiti wa mtaa," akasema, "ila mkubwa zaidi. Na unijibu kwa Kiswahili nikikuuliza, siyo yes yes. Umekula shuleni?"

Sikusikia hata swali lake. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Siku iliyofuata nilikuja na sukari. Nilichota kwa shangazi kiganja kimoja, nikakifunga kwenye karatasi ya daftari. Bi Hilde alikuwa amesinzia, mama yuko juu anatandika. Nikasimama mbele ya rafu, nikaweka mikono nyuma kama bibi alivyonifundisha, nikaanza. "Shikamoo mzee. Hodi hapa kwako. Mimi ni Mwanahawa, mtoto wa Rehema, mjukuu wa Mwanahawa mkubwa wa Muheza. Watoto hawajambo? Mihogo haijambo? Sisi hatuna baya, mzee. Tumekuja kwako, wewe ndiye mkubwa wa hapa, utusemee kwa hao wa Croydon. Mkono mtupu haulambwi, tumekuja na hiki kidogo." Nikapanda kwenye kigoda, nikasukuma sukari nyuma ya saa ya mezani, chini ya miguu yake. Halafu nikafikiri, huyu huenda Kiswahili hakipandi, nikarudia yote kwa Kiingereza, pamoja na mihogo.

Mama alikwenda Croydon wiki ile akarudi anatabasamu. Wamemwambia asirudi mpaka baada ya muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Alitupikia biriani siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nilikula kwa utulivu wa mtu anayejua kazi iliyofanyika. Tangu hapo kila nililoliona liliongeza imani yangu, na kila Ijumaa nilipeleka sukari.

Bi Hilde alipenda kuulizwa habari za meya wake, kwa hiyo niliuliza. Alikuwa babu wa baba yake, akaniambia. Alizaliwa fukara katika mji mdogo wenye ukuta na mto. Akiwa kijana alibeba sanduku la mbao mgongoni, limejaa sindano, nyuzi, vifungo na utepe, akitembea kijiji hadi kijiji akigonga milango. Kwa lugha yetu, machinga. Mbwa walimng'ata, theluji ikamla kidole kimoja cha mguu. Baadaye akafungua duka uwanja wa soko, akauza vitambaa vya kitani, chumvi, kahawa na mafuta ya taa, na duka likakua mpaka likawa la ghorofa mbili. Watu wakamfanya meya. Akaleta taa za mafuta mitaani ili walevi wasianguke mtoni. Akajenga daraja la mawe. Kipindupindu kilipoingia na kumuua mke wake, alizika na kesho yake akarudi kusimamia visima vifunikwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: taa alileta, na daraja, Bi Hilde aliniambia, bado lipo.

Mimi nilisikiliza nikitikisa kichwa. Mtu kama huyu, aliyeng'atwa na mbwa akibisha hodi kwa watu, atashindwaje kutuelewa sisi? Kwamba ni mtu wa zamani sana halikunipitia akilini. Bi Hilde mwenyewe kwangu alikuwa wa zamani, na alikuwa hai. Nilidhani anakaa kwenye jengo fulani kubwa na mkufu wake, labda karibu na kituo cha treni.

Panya ndio walioharibu mambo. Siku moja mama katoka kununua samaki, Bi Hilde akaniita kwa fimbo yake, akanionyesha mavi ya panya kwenye rafu na karatasi zangu zilizotafunwa. "Nani anafuga panya nyumbani kwangu?" akauliza. Hakuwa na hasira, alikuwa kama anayecheka. Nikaona bora nimwambie, huenda akanisaidia kukumbusha. Nikamweleza yote: Croydon, mwenyekiti wa Muheza, kilo ya sukari, kusemewa. Nikamweleza kwamba meya wake ameshaanza kutusaidia na kwamba mama anarudi tena Croydon baada ya likizo kuanza, kwa hiyo isingekuwa vibaya na yeye akimwambia neno kwa Kijerumani.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Uso wake ulianguka, sijui niseme vipi, kama mtu aliyeona kitu kinapita nyuma yangu.

"Umekuwa ukimwomba yeye?" akasema. "Mtoto, huyu amekufa. Amekufa kabla baba yangu hajazaliwa."

Wallahi nilihisi kama nimepigwa kofi. Sukari yote ile! Nikamwuliza mbona wewe unamwamkia. Akasema ni mazoea tu ya upweke. Halafu akanivuta mkono nikae kwenye kigoda, akashusha sauti ingawa nyumba ilikuwa tupu.

"Hata angekuwa hai," akasema, "huyu si wa kumwomba jambo hilo. Sikiliza. Mji wetu ulikuwa na sheria. Asiyezaliwa ndani ya ukuta, au asiye na mali, hana haki ya kukaa, wala ya kuoa au kuolewa, mpaka meya na wazee wake wakubali. Dukani kwake alikuwepo msichana mshonaji, katoka kijiji kingine tangu mtoto. Alishona mashati ya meya. Akapendana na kijana wa mji, fundi wa mapipa, akapata mimba. Wakaenda kwa meya kuomba ndoa. Akakataa. Alisema akiruhusu mmoja watakuja mia, na mji hauwezi kulisha maskini wa watu wengine. Msichana akajifungua, na mtoto wa wiki chache akapakiwa naye kwenye mkokoteni, wakapelekwa mpaka kwenye jiwe la mpaka, wakashushwa. Ilikuwa baridi kuliko hii. Kijijini kwao nako wakamwambia, wewe umeondoka siku nyingi, si wetu tena. Akarudi kwetu. Wakamtoa. Akarudi kwao. Wakamtoa. Walimkuta hapo hapo kwenye jiwe, amemfunika mtoto kwa sketi yake."

"Wakampeleka hospitali?" nikauliza.

"Hapana, mtoto."

Saa ya mezani ilikuwa ikigonga pale juu, na mimi nilikuwa nikimtazama yule mtu wa fremu na mkono wake juu ya jora. Nilimchukia. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia baba, na baba nilikuwa namchukia sana. Bi Hilde akaendelea, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Bibi yangu alikuwa akiisimulia habari hii mezani siku za Krismasi. Kama sifa. Kuonyesha jinsi meya alivyokuwa imara. Na sisi tukila."

"Alikuwa anaitwa nani, yule dada?"

"Hakuna aliyewahi kutaja jina lake."

"Na nani alimsemea?"

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Mimi nilikuwa sijazaliwa."

"Sasa si umeshazaliwa?" nikamwambia. Sikuwa namfundisha adabu. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nauliza. Lakini Bi Hilde alifunika mdomo kwa mkono wake wenye mishipa, akakaa hivyo mpaka mama aliporudi na samaki.

Jioni ile ile akamwambia mama, "Ukienda tena huko Croydon, nakwenda na wewe. Nitakusemea." Mama alishtuka, akasema hapana Mama Hilde, baridi, miguu yako, huko hawaruhusu mtu. Bi Hilde akagonga fimbo chini. Mama akaja kuomba ushauri kwa shangazi, akidhani atapata wa kumsaidia kukataa. Shangazi akapiga makofi. "Mwache aende! Kizee cha Kizungu chenye mvi, huyo hata akikohoa wanaandika. Mimi na wewe tuliongea mpaka koo likakauka, nani alisikia?" Basi ikawa hivyo. Na mimi, niliyekuwa nimepoteza mwenyekiti, nikapata mwingine, tena mwenye kupumua. Usiku nilikuwa nikijipa moyo kwa kusema jina lake kimyakimya kitandani.

Ilikuwa likizo ya katikati ya muhula, kwa hiyo nilikwenda nao. Bi Hilde alikodi teksi kutoka Rayners Lane mpaka Croydon, akakaa mbele na kofia yake nyeusi na koti la mazishi ya mumewe. Mama na mimi nyuma. Mama alikuwa na begi lake la siku zote. Dereva alitushusha karibu na reli za tramu, kati ya maghorofa ya ofisi, na upepo unaopita pale katikati mnaujua, unakuvua nguo. Palikuwa na foleni nje ya jengo, watu wa kila rangi, wote wameshika bahasha, wote kimya. Bi Hilde akajipanga na kigari chake cha kutembelea kama mwenzao.

Tulipofika mlangoni, mlinzi, mtu mmoja mnene wa Afrika Magharibi, akaangalia barua ya mama akampisha. Bi Hilde akataka kupita. Mlinzi akaweka mkono, taratibu. "Mama, anaingia mwenye barua tu."

"Nimekuja kumsemea," Bi Hilde akasema.

"Nakusikia, mama. Ana wakili?"

"Ana mimi. Mimi nilikuja nchi hii kutoka kwa adui, nyumba zenu zikiwa bado zimebomoka kwa mabomu yetu, na hakuna aliyenifukuza. Waambie hivyo huko ndani. Waambie huyu ananiogesha, anajua mahali panaponiuma, na mimi nasema akae."

Mlinzi alimtazama kwa heshima, nakumbuka, heshima ya kweli ya mtu aliyelelewa na bibi. "Nakusikia," akasema tena. "Lakini mimi ni wa mlangoni tu."

Mama alikuwa ameshavuka. Akarudi hatua moja, akanifunga skafu vizuri, akaniambia, "Usimchoshe bibi. Sikawii." Mlango ukajifunga. Ukawa unafunguka kwa wengine na kujifunga, unafunguka na kujifunga.

Tuliwaona waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakitoka. Tukawaona waliokuja baada yao wakitoka. Bi Hilde aliketi kwenye kiti cha kigari chake pembeni ya mlango, na kila baada ya muda alisimama akamwendea mlinzi, akasema yale yale, kwanza kwa sauti ya mwalimu, baadaye kwa sauti ya kawaida, baadaye kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Mlinzi akamletea chai kwenye kikombe cha karatasi. Tramu zikapita zimejaa watu wanaorudi kwao. Taa za ofisi zikawaka zote, halafu zikaanza kuzimwa ghorofa moja moja, na foleni ikaisha kabisa, pale nje tumebaki sisi na njiwa. Bi Hilde akaanza kulia. Nilimkasirikia! Nilitaka kumpiga. Nilimwambia kwa Kiingereza, acha, usilie, akitoka atakuona. Maana nilijua mtu mzima halii namna ile kama bado kuna kitu cha kungoja.

Alikuja shangazi, sijui nani alimpigia, bado amevaa kofia ya wavu ya jikoni. Alimfokea mlinzi, akaufokea mlango, akaitukana familia yake mwenyewe kwa kumzaa baba yangu. Mlinzi alingoja amalize, ndipo akamwambia polepole kwamba wanaozuiliwa hawatolewi kwa mlango ule, hutolewa upande wa pili kwa gari, na kwamba yeye asingengoja tena na mtoto kwenye baridi hiyo. Shangazi alikaa chini pale pale kwenye lami.

Bi Hilde aliugua mapafu baada ya siku ile. Mwanawe akaja kutoka Kanada akamweka kwenye nyumba ya wazee, akauza ile nyumba na vitu vyake, na mimi sikumwona tena. Shangazi alihangaika na mawakili mpaka akawa hajui analala saa ngapi. Siku moja nilikaa kwenye ngazi nikamsikia akiongea na mama kwenye simu, simu ya huko alikowekwa. Akasema, "Wifi, wanasema ukitaka unaweza kwenda naye." Halafu akasikiliza. Halafu akasema, "Haya. Ndiyo. Ana shule, ndiyo. Haya, atabaki na mimi." Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeachwa, na kwamba aliyeniacha ni yeye mwenyewe. Ilichukua miaka mingi kumsamehe, na ilikuwa miaka mingi pia kabla sijamwona; tulipokutana uwanja wa ndege wa Dar nilimpita, nikamsalimia mwanamke aliyekuwa pembeni yake.

Kabla mama hajapandishwa ndege aliomba kuongea na mimi. Mahali alipokuwa palikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, basi moja tu kutoka kwetu. Shangazi akanipa simu, akaenda kusimama jikoni amenipa mgongo.

"Mwanahawa. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Vizuri. Sikiliza mwanangu, mimi nasafiri kidogo. Bibi yako mguu unamsumbua, nakwenda kumwangalia. Mguu ukipoa narudi."

Mpaka siku ile nilikuwa nimekosea kila kitu. Hospitali nilikosea, picha nilikosea, sukari nilikosea. Hili nililielewa kama lilivyo, lote, kwa mara moja. Bibi hakuwa na mguu unaouma. Nilisikia sauti za watu nyuma ya mama, mwanamke mmoja anaitwa kwa jina, na nilisikia mama akipumua, anangoja kujua kama nimeamini. Nilitaka kupiga kelele mpaka mtaa mzima utoke nje. Lakini nilijua nikimwambia kwamba najua, atapanda nalo ndege.

"Sawa mama," nikasema, kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akitaka siku zote. "Ukirudi uniletee ubuyu."

Nyuma yake wakaita jina jingine.

"Mwekundu au mweupe?" akauliza.

"Mwekundu."

"Mwekundu," akasema mama. "Haya. Nitakuletea mwekundu."